Filamu Niliyoitafsiri kwa Sauti ya Dada

Ijumaa ya kwanza baada ya mpwa wangu kufika Doha, alinishika mkono nje ya kanisa pale Mesaimeer. Huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko na ibada, na watu wa ibada moja walikuwa wanatoka na wa ibada nyingine wanaingia. Akaniambia, "Mjomba, nina ombi. Nataka unisikilizishe sauti ya mama."

Nikajifanya sijasikia. Nikamuuliza kama amekula. Akasema amekula, akarudia ombi lake vilevile, taratibu, kama ninavyodhani anavyosema na wagonjwa wake, maana yeye ni nesi na ndiyo kazi iliyomleta huku. Mama yake alikufa yeye akiwa hajatimiza miaka miwili. Picha anazo, tena nyingi. Sauti ndiyo hana. Na huko nyumbani kila alipouliza mama alikuwa anaongea vipi, jibu lilikuwa moja: muulize mjomba wako wa Doha, yeye ana ile CD, utadhani mama yako yuko chumbani.

Mama yake ni dada yangu. Na sauti iliyo kwenye ile CD si yake, ni yangu mimi nikimwiga. Nikieleza ilifikaje mle itabidi nijivue nguo mbele yenu, basi nivumilieni.

Kwetu ni mji wa barabarani, njia ya Mombasa, mahali malori yanapopumzika. Ujanani kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu. Tulikuwa na ukumbi wa video, mabati matupu na mabenchi, televisheni moja juu ya kabati, na kando yake mtu mmoja ameketi na maiki. Filamu ikianza, huyo mtu anaipunguza sauti na kusema yeye. Anasema wote: jambazi, polisi, mke wa polisi, hata mbwa. Huyo mtu alikuwa mimi. Kizungu changu kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo nusu ya niliyosema nilitunga, na hakuna aliyejali. Watu hawakuja kwa ajili ya filamu, walikuja kwa ajili ya mdomo wangu, na kichwa kikanivimba. Waigizaji niliwapa majina na tabia za watu wa mtaani. Kinyozi wetu nilimfanya jambazi wa Hong Kong, na chifu nikamfanya kuhani mlevi. Wenyewe wakija walicheka, au walijifanya kucheka, sikuwahi kuuliza ni lipi.

Dada yangu aliuza chai mle ukumbini. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka sita, na kimo chake kilikoma kiunoni kwangu. Alizaliwa hivyo, mikono mifupi na miguu mifupi, lakini mdomo, aah, mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko wetu sote. Mama alipofariki ndiye aliyenilea. Alinipigia pasi sare za shule amesimama juu ya kreti la soda, na ole wako umwambie shuka nikusaidie. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, na alikuwa na mazoea ya kumwita kila mtu "bwana," mwanamume kwa mwanamke, akilivuta lile neno mpaka linakatika lenyewe. Nikiwa mtoto nilimwiga jikoni, naye akicheka mpaka anakaa chini. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Nilianzia kwake.

Sasa basi. Mwenye ukumbi alileta furushi la filamu za zamani kutoka Mombasa, amezinunua kwa mafungu kama mitumba. Moja ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, na mtu aliyemuuzia alimwambia ni ya kutisha kupita kiasi. Tukadhani ni mazimwi. Kumbe ni ya sarakasi ya kale, kambi ya watu wanaotembezwa mji hadi mji ili wengine walipe waione miili yao. Kulikuwa na mtu asiye na miguu, mwingine asiye na mikono, mapacha walioungana, na mwanamume na mwanamke wa kimo cha dada yangu. Hawakupakwa rangi wala kuvalishwa vinyago. Walikuwa wao wenyewe. Siku hizi nimesoma kwamba filamu hiyo ilizua ugomvi tangu ilipotoka, kwamba ziko nchi zilizoipiga marufuku miaka na miaka, na kwamba mpaka leo watu wanabishana kama iliwadhalilisha wale watu au iliwaheshimu kuliko filamu yoyote ya wakati wake. Mimi wakati huo sikujua chochote. Nilijua ni Jumamosi, saa tisa mchana, ukumbi umejaa hadi mlangoni, na kwenye kioo hakuna ngumi hata moja.

Dakika ya kumi watu wakaanza kupiga mabati. "Toa hayo mazishi! Weka Mchina!"

Nikaingiwa na baridi. Mtu aliyezoea kushangiliwa akizomewa anakuwa mwendawazimu, nawaambia, anaweza kumuuza hata mamake. Pale kwenye kioo yule mwanamke mdogo alikuwa anaanika nguo, amepanda juu ya kibao ili afikie kamba. Nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya dada yangu. "Weee bwanaaa! Nani amenipandishia kamba? Jana hii kamba ilikuwa chini!"

Lo! Ukumbi ulipasuka. Waliokuwa wameshasimama waondoke wakakaa. Wote walimjua dada, walikuwa wanakunywa chai yake saa ileile. Nami nilipoona wamecheka nikakanyaga mafuta. Kila yule mwanamke alipofungua kinywa, nilimtia maneno ya dada yangu, mkwaruzo wake, lile "bwana" lake. Kuna mahali anamwendea mrembo mmoja mrefu wa bembea ya juu, uso wake umeloa machozi. Nikamsemea hivi: "Silii mimi bwana, ni vitunguu. Na wewe shuka huko, nikikutazama shingo yaniuma." Watu walianguka kutoka kwenye mabenchi.

Na dada yangu alikuwemo. Alikuwa anapita katikati yao na birika.

Jioni alipika kama kawaida. Nilimuuliza, nikitaka sifa, "Dada, si ulicheka leo?" Akanijibu, "Nilikuwa na kazi." Basi. Nami mshenzi nikachukua ukimya wake kuwa ruhusa. Mwenye ukumbi alikuwa amenirekodi kutoka kwenye maiki, akatoa CD, zikauzwa mpaka stendi za miji ya jirani. Watoto wakawa wakimwona dada njiani wanapaza sauti, "Kamba iko chini!" Madereva wa malori, watu wazima wenye ndevu, nao wakawa hivyo hivyo. Baada ya muda nikaona haaniki tena nguo uani. Alifunga kamba ndani, kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlango, chini kabisa, na nyumba yote ikawa inanuka unyevu. Nikamlalamikia! Haki ya Mungu, mimi ndiye niliyemlalamikia harufu.

Alipata mume, mtu mpole, fundi wa baiskeli, wakapata huyu binti. Uzazi wa pili ukamchukua, yeye na mtoto. Binti akaenda kulelewa na bibi yake mzaa baba, nami nikapata kazi ya ulinzi huku na nikaondoka. Sikumwomba dada msamaha. Nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kuongea.

Basi niambieni, huyo mpwa wangu ningemwambia nini pale Mesaimeer? Nilimwambia nitaitafuta.

Kuitafuta nini? Ilikuwa mfukoni. Mtu wa kwetu alishaitoa ile CD akaitia kwenye mtandao, nami nilikuwa nimeihifadhi kwenye simu kwa miaka, bila kuicheza hata siku moja. Kazi yangu siku hizi ni kukaa mbele ya skrini za kamera katika jengo moja la maduka, natazama watu wasio na sauti saa kumi na mbili kwa siku. Zamani nilikuwa nawachekesha wenzangu kwa kuwasemea wateja. Baada ya ombi la yule binti, nikaona siwezi tena. Mwenzangu akaniuliza kama ninaumwa.

Siku yangu ya mapumziko, wenzangu wa chumba wakiwa kazini, nilivuta pazia la kitanda changu kwenye makazi yetu ya Al Thumama nikaitafuta ile filamu yenyewe. Niliikuta. Nikaicheza na sauti yake ya asili, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia. Miaka ya kupokea amri za kila mdosi wa kila taifa imeninyoosha Kizungu, kwa hiyo nilielewa.

Yule mwanamke mdogo alikuwa anampenda yule mwanamume mdogo. Naye mwanamume alikuwa amepagawa na yule mrembo wa bembea, aliyekuwa anamchezea tu ili amle mali yake. Pale penye vitunguu vyangu, pale hasa, yule mwanamke alikuwa amekwenda kumwomba mrembo aache. Hakuomba arudishiwe mpenzi. Aliomba yule mwanamume asifanywe kichekesho. Alikuwa anasema, kwa namna yake, kwamba kambi nzima inamcheka na yeye mwenyewe hajui, na kwamba hilo ndilo asiloweza kulivumilia.

Nililala pale na simu kifuani, jitu zima, saa nane mchana, nimejifunika shuka hadi kichwani. Nilitamani kuwa na hasira na mtu. Nikajaribu kuikasirikia filamu, maana nayo ina lake: muda wote inakuambia hawa ni watu, wanapenda, wananuna, wanaanika nguo, halafu mwishoni inawatambaza kwenye matope na mvua ili wakutishe. Nikasema, ala, nao pia walitumia miili ya wenzao! Hasira haikukaa hata dakika. Wao angalau walimwachia yule mwanamke mdogo maneno yake mwenyewe.

Kisha nikaifungua rekodi yangu. Nikasikia mabati, nikasikia watu wanakohoa, nikasikia "Weee bwanaaa" na kicheko cha kwanza, nikaizima. Sikuweza kwenda mbele. Nikajiambia huyu mtoto hawezi kupewa kitu kama hiki, nitamuua.

Ndipo nikafanya upumbavu wa pili, na huu niliufanya na mvi kichwani. Niliingia bafuni, mahali pekee penye utulivu, nikaweka simu juu ya sinki nikarekodi upya. Nilidhani sauti imenitoka baada ya miaka yote ile. Wapi! Ilikuja mara ya kwanza, na mkwaruzo wake, mpaka nywele zikanisimama. Nikasema kwa sauti ya dada, "Mwanangu, bwanaaa, mama anakupenda. Kua vizuri, uwe na adabu, usiwe mwoga wa watu." Ningeishia pale. Lakini mimi mdomo wangu haujui kuishia pale. Nikaongeza, kwa kuwa ilinipendeza masikioni, "Na Mungu aibariki mikono yako inayowatibu wagonjwa."

Nikamtumia. Nikamwandikia nimepata kipande kidogo, mengine yameharibika.

Alinipigia akilia. Hakuweza kusema, alikuwa anasema "asante mjomba" tu, tena na tena, na nyuma yake nilisikia wanawake wenzake wa hosteli nao wanalia na kumsifu Mungu, kumbe amewasikilizisha wote. Nililala usingizi mzuri siku hiyo. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote niliyoyasema hapa, kwamba nililala.

Siku mbili akanyamaza. Ya tatu akaniandikia kwamba amepanda metro, na basi baada ya metro, anakuja tulipo. Nikamkuta kwenye benchi la kibustani karibu na akomodesheni yetu, nyumba za wafanyakazi, bado amevaa sare ya kazi, ndege zinashuka juu ya vichwa vyetu kwenda uwanjani. Sikuwa hata nimekaa.

"Mjomba, mama alikufa sijajua kuvaa viatu," akasema. "Alijuaje kwamba ninatibu wagonjwa?"

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Nilitafuta uongo mwingine na nikaupata, nisiwadanganye, nilikuwa nao tayari ulimini: kwamba mama yake aliota, kwamba alikuwa na kipawa. Nikamtazama usoni. Ana macho ya dada, yale yasiyokusaidia.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Niliwaamsha watu waliotoka zamu ya usiku ili wamsikie mama yangu. Wamechoka, nikawaamsha. Ni wewe bafuni?"

Alijuaje ni bafuni sijui. Nikasema ndiyo, bafuni. Akaniambia bila kupandisha sauti, "Mimi sikuomba mama mzuri. Niliomba mama. Nipe iliyopo."

Nikamwambia iliyopo pia ni mimi. Nikamweleza yote, ukumbi, maiki, Weka Mchina, kamba, vitunguu, watoto wa njiani, kamba ya ndani. Kila nilipofika penye kupunguza nilijikuta napunguza, naye alikuwa ananirudisha: "Alisema nini alipofika nyumbani? Maneno yenyewe." Nikamwambia alisema alikuwa na kazi. "Na wewe ulisema nini?" Nikamwambia sikusema kitu.

"Icheze," akasema.

"Mama, itakuumiza."

"Mimi hufunga vidonda mjomba. Icheze."

Nikatoa simu na waya za masikioni, akatia moja sikioni mwake, nami nikatia nyingine. Nilitaka asikilize peke yake lakini alinipa ile ya pili mwenyewe, kwa nguvu. Ikaanza. Mabati. Watu wakizomea. Kisha mimi, kijana, na sauti ya mama yake: kamba, jana ilikuwa chini. Kicheko kikatujaa masikioni, kicheko cha watu mia, wengine nikawatambua mmoja mmoja. Yeye hakucheka wala hakulia. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Mimi nilitazama ndege ikishuka na nikaomba waya zikatike.

Tukafika penye vitunguu. Ukumbi ukaanguka. Na katikati ya kile kicheko, karibu kabisa na maiki, chini chini, ikaja sauti yenye mkwaruzo.

"Shika chai yako bwana. Koo litakukauka."

Nilishtuka hadi simu ikaniponyoka magotini. Nilikuwa nimesahau. Kila nilipotafsiri alikuwa ananiletea kikombe katikati ya filamu, haniulizi, ananiwekea kando ya maiki. Siku ile pia aliniletea. Nilikuwa namchinja mbele ya mji mzima, naye amepita katikati yao na birika kuja kunipa chai kwa ajili ya koo langu. Na ukumbi uliposikia sauti mbili zinazofanana, ya kuigwa na ya kweli, kicheko kikaongezeka maradufu. Kisha juu ya kicheko nikajisikia mimi, nimechangamka, ninamwiga papo hapo: "Shika chai yako bwanaaa!" Sikusikia zaidi kwa sababu mpwa wangu alikuwa ameisimamisha.

"Huyo wa kwanza," akasema. "Huyo wa chini chini. Huyo ndiye mama?"

Niliitikia kwa kichwa.

Akaichukua simu magotini pangu. Akairudisha nyuma kidogo, akakosea, ikaanzia kwenye vitunguu, akairudisha tena. Shika chai yako bwana. Koo litakukauka. Akaisimamisha.

"Na uliinywa?" akaniuliza, bado anaitazama simu.

"Niliinywa," nikasema. "Yote."

Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Akanitoa waya sikioni, akautia kwenye sikio lake la pili, akanigeuzia mgongo kidogo pale benchini. Mimi sikusikia tena chochote, niliona kidole chake tu. Alirudisha nyuma, akasikiliza, akasimamisha. Akarudisha, akasikiliza, akasimamisha. Kila mara kidole kilikuwa tayari juu ya kioo, na kila mara alikata palepale, kabla mimi sijaingia.